Amplifaya za gitaa za zamani na za kisasa: mkwaruzo unatengenezwa wapi?

Kila tukirusha hewani wimbo wa roki wenye gitaa zito, ujumbe huanza kuingia. Yupo anayeuliza kama mitambo yetu imeharibika. Yupo anayedhani spika ya redio yake imechanika. Na wapo wapigaji magitaa wa bendi na wa kwaya wenye swali lililobeba fedha ndani yake: ukipata nafasi ya kununua amplifaya ya mtumba, uchukue ya zamani ambayo watu husema ndiyo yenyewe, au uchukue ya kisasa ambayo nayo husifiwa kwamba inanguruma kuliko zote?

Jibu letu ni kwamba umri wa amplifaya si kitu cha kwanza kuangalia. Angalia kwanza ile sauti ya kukwaruza inatengenezwa sehemu gani ndani yake. Katika amplifaya za zamani inatengenezwa mwishoni, karibu na spika. Katika za kisasa inatengenezwa mwanzoni, karibu na gitaa. Ukishaielewa tofauti hiyo moja, mengine yanajieleza: ukubwa wa sauti, kelele, hata aina ya muziki unaofaa kupigwa humo.

Wimbi linapogonga dari

Gitaa la umeme lina nyuzi za chuma, na chini ya nyuzi hizo kuna pikapu. Si lile gari. Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa kwenye waya, mara nyingi chini ya volti moja. Umeme huo hauwezi kusukuma spika. Kazi ya amplifaya ni kuukuza hatua kwa hatua mpaka uweze.

Lakini kila hatua ina kikomo chake. Fikiria mtoto anayerukaruka ndani ya nyumba yenye dari fupi. Akiruka kidogo, hakuna shida. Akiruka sana, kichwa kinagonga dari. Wimbi la umeme nalo likigonga dari ya amplifaya, kilele chake hubonyea na kuwa bapa. Sikio huusikia ubapa huo kama mkwaruzo, kwa sababu juu ya sauti ya uzi zimeongezeka sauti nyingine nyembamba ambazo uzi wenyewe haukuzitoa kwa nguvu hiyo.

Kuna jambo la pili linalotokea hapo, na wapigaji solo wanalithamini kuliko huo ukali. Kwa kuwa vilele vyote vimekatwa kwa usawa mmoja, noti iliyopigwa sasa hivi na noti inayoanza kufifia husikika kwa ukubwa unaokaribiana. Noti moja inadumu, inavutika kama ya fidla. Gitaa la kawaida haliwezi kufanya hivyo. Ukilipiga, sauti inakufa mapema.

Mafundi wa mwanzo waliuona mkwaruzo kuwa ubovu, na kwa kiasi fulani ulizaliwa kwenye ubovu kweli. Mwaka 1951, wimbo "Rocket 88" uliporekodiwa Memphis, Marekani, amplifaya ya mpiga gitaa Willie Kizart ilikuwa imeharibika njiani, na spika yake ikajazwa karatasi ili angalau itoe sauti. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa spika zake kwa makusudi kwa ajili ya "Rumble". Mwaka 1964 kijana Dave Davies wa kundi la The Kinks, London, aliichana kwa wembe spika ya amplifaya yake ndogo, na sauti iliyotoka ndiyo inayosikika kwenye "You Really Got Me". Watu walikuwa wakiutafuta mkwaruzo kabla hakijatengenezwa kifaa cha kuutoa.

Duka la ngoma la Hanwell

Jim Marshall alikuwa mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma. Mwaka 1960 alifungua duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London. Wapiga ngoma walikuja na wenzao wapiga magitaa, akiwemo Pete Townshend ambaye baadaye alijulikana na The Who. Vijana hao walilalamika kwamba amplifaya za Fender kutoka Marekani ni ghali, na kwamba hata wakizipata bado haziwapi sauti wanayoitaka.

Marshall, akiwa na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven, alichukua Fender Bassman, ambayo iliundwa kwa ajili ya gitaa la besi, wakaiga mpangilio wake wa ndani. Mwaka 1962 wakatoa ya kwanza yao, iliyokuja kujulikana kama JTM45. Saketi ilikuwa karibu ileile, ila vipuri vilitoka Uingereza, na badala ya spika nne za inchi 10 kwenye sanduku lililo wazi nyuma, waliweka spika nne za Celestion za inchi 12 kwenye sanduku lililofungwa. Mabadiliko hayo yalitosha. Amplifaya ya Marshall ilianza kukwaruza mapema zaidi na kwa ukali zaidi kuliko ile waliyoiiga.

The Who walizidi kudai sauti kubwa, na mwaka 1965 zikaja za wati 100, zikiwekwa juu ya masanduku mawili yaliyopandana, kila moja likiwa na spika nne. Ule ukuta wa masanduku meusi unaouona nyuma ya wapigaji roki kwenye picha ulianzia hapo. Mojawapo ya amplifaya hizo, Super Lead ya wati 100, ina namba ya modeli 1959. Tahadhari hapo: namba hiyo si mwaka. Ilianza kutengenezwa miaka kadhaa baadaye, na mtu akikuuzia kwa maneno kwamba "hii ni ya mwaka 59", ama hajui ama anajua sana.

Sasa tazama inavyofanya kazi. Ndani yake mna valvu, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya machungwa kama zilivyokuwa kwenye redio za wazee wetu. Valvu ndogo za mwanzoni hukuza umeme wa gitaa kidogo tu. Valvu kubwa za mwishoni ndizo zinazosukuma spika. Hakuna kitufe cha kuongeza mkwaruzo peke yake. Kuna cha sauti, na ukitaka ikwaruze, njia ni moja: fungua sauti mpaka valvu kubwa zenyewe zigonge dari.

Zikigonga, kila kitu kinashiriki. Valvu kubwa zinakwaruza, transfoma ya kutolea sauti inaelemewa, na spika zinasukumwa mpaka karatasi yake inajikunja kidogo. Hata usambazaji wa umeme ndani ya amplifaya unashuka kwa muda mfupi noti inapopigwa kwa nguvu, kisha unapanda tena. Mpigaji anaihisi hali hiyo mkononi kama anabonyeza springi. Ndiyo maana wapenzi wa amplifaya hizi huzungumza juu ya hisia kuliko sauti. Ukipunguza sauti kwenye gitaa lenyewe, mkwaruzo unaondoka na gitaa linakuwa safi. Ukigonga uzi kwa nguvu, unarudi. Mkono ndio unaoamua.

Mwaka 1966 Eric Clapton aliingia studio za Decca, London, kurekodi na kundi la John Mayall akiwa na amplifaya ya Marshall iliyofunguliwa kama yuko jukwaani. Wakati huo studio zilizoea gitaa lililonyamazishwa kiasi, na mafundi walitaka apunguze. Alikataa. Sahani iliyotoka hapo iliwafanya wapigaji wengi watake sauti ileile, na Jimi Hendrix akaja kuionyesha dunia kile ambacho wati 100 zinaweza kufanya mikononi mwa mtu mmoja.

Gharama ya masikio

Ubaya wa mpangilio huu unaonekana bila kuelezwa sana: huwezi kupata ile sauti bila kupiga kelele. Amplifaya ya wati 100 yenye sanduku la spika nne, ikifunguliwa yote, inaweza kufika desibeli 115 hadi 120 mita moja mbele yake. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, inashauri desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3, muda unapungua kwa nusu. Ukifanya hesabu hiyo, desibeli 100 ni dakika 15 tu. Desibeli 115 hazifiki nusu dakika. Pete Townshend mwenyewe amezungumza hadharani kwa miaka mingi kuhusu kupoteza usikivu na mlio usioisha masikioni.

Watu wengi hudhani dawa ni kununua ya wati chache kidogo. Hapa pana hesabu inayowadanganya wengi: wati 50 si nusu ya sauti ya wati 100. Sikio linahitaji wati mara kumi ili lihisi sauti imeongezeka mara mbili. Kwa hiyo wati 100 zinasikika takriban mara mbili tu ya wati 10, na kati ya 50 na 100 tofauti ni ndogo kiasi kwamba katikati ya ngoma na besi unaweza usiitambue. Muuzaji akikutajia wati kama anataja kilo za mchele, mwache aendelee, wewe sikiliza spika.

Wengine walitafuta ujanja. Eddie Van Halen, kijana wa California, alitumia Super Lead iliyofunguliwa vitufe vyote, lakini aliilisha umeme kupitia kifaa cha kupunguza volti, kutoka zile 120 za Marekani hadi karibu 90. Mkwaruzo ulibaki, ukubwa wa sauti ukapungua. Sahani ya kwanza ya Van Halen ilitoka mwaka 1978, na wapigaji wakaanza kuhangaika kuitafuta sauti ile. (Vijijini kwetu umeme hushuka wenyewe bila kifaa chochote, lakini usiufanye kuwa mbinu. Volti zisizotulia huzeesha valvu na kuunguza vipuri, na zikirudi ghafla ndipo hasara inapotokea.)

Mkwaruzo wahamishwa mbele

Ili uelewe kilichofuata, njoo studio kwetu kidogo. Kwenye meza yetu ya mitambo kila maiki ina vitu viwili: kitufe cha geini juu, na kitelezi cha sauti chini. Geini inaamua maiki inaingia kwa nguvu gani. Kitelezi kinaamua sauti inatoka kwa ukubwa gani. Mtangazaji akifungua geini kupita kiasi, sauti yake itakwaruza hata kama kitelezi kimeshushwa sana. Utamsikia kwa mbali, lakini utamsikia akikwaruza. Kwetu hilo ni kosa la kazi. Kwa mpiga gitaa ni utajiri: mkwaruzo mwingi, sauti ndogo.

Randall Smith, fundi wa California, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kuongeza nguvu kwenye amplifaya ndogo za Fender. Carlos Santana alikuwa miongoni mwa walioipenda kazi yake mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Smith alikwenda mbali zaidi: aliongeza hatua nyingine ya valvu ndogo mwanzoni, moja ikiilisha nyingine, kila moja na udhibiti wake. Sauti iliyokwishakwaruzwa inaingia hatua inayofuata, inakuzwa, inakwaruzwa tena. Kampuni yake ni Mesa/Boogie, na amplifaya hiyo ndiyo inayoitwa Mark I.

Marshall nao waliweka kitufe cha pili cha sauti kuu mwaka 1975, na mwaka 1981 wakaziuza amplifaya hizo kwa jina jipya la JCM800. Herufi na namba hizo, ukitaka kujua, zilikuwa kwenye gari la Jim Marshall. JCM800 ipo katikati ya njia. Ina mkwaruzo wa mbele, lakini bado inapenda kufunguliwa, na wapigaji wengi wa miaka ya 1980 waliiwekea kifaa kidogo cha kukanyaga kwa mguu ili kuisukuma zaidi.

Baada ya hapo ikawa mashindano. Mike Soldano alitoa SLO-100 mwaka 1987. Peavey, kampuni ya Mississippi, ilitoa 5150 mwaka 1992 ikishirikiana na Eddie Van Halen mwenyewe; baada ya wao kuachana, amplifaya hiyo iliendelea kutengenezwa kwa jina la 6505. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 Mesa/Boogie nao walileta Dual Rectifier. Mtu akisema "amplifaya ya kisasa ya geini ya juu", mara nyingi ana maana ya ukoo huu.

Kuchekecha unga kabla ya kusonga

Wengi hudhani ya kisasa ni ya zamani iliyoongezewa mkwaruzo. Ingekuwa hivyo ingesikika vibaya. Siri yake kubwa iko kwenye besi.

Sauti nene za chini zina nguvu nyingi. Zikiingia kwenye mkwaruzo mkali zikiwa zimejaa, zinakuwa kama tope. Huwezi kutofautisha noti na noti. Kwa hiyo watengenezaji hupunguza besi kabla ya mkwaruzo, kisha huirudisha mwishoni baada ya kazi kuisha. Ni kama mama anayechekecha unga kabla ya kusonga ugali. Ukishasonga, madonge hayachekecheki tena. Kwenye Peavey 5150 kuna kitufe cha nyuma kabisa ya njia, kinachoongeza mtikisiko wa chini kwenye sehemu ya spika, mkwaruzo ukiwa umekwishafanyika. Matokeo yake ni ile sauti ya roki nzito ambapo mpigaji anaziba nyuzi kwa kiganja na gitaa linagonga "jug-jug-jug" kama mashine ya kusaga, kila pigo likiwa peke yake. Sahani ya Metallica, "Master of Puppets" ya mwaka 1986, iliyorekodiwa kwa msaada wa Mesa/Boogie Mark IIC+, ni mahali pazuri pa kusikia mwelekeo huo ukianza.

Hapo ndipo penye sababu ya amplifaya hizi kuwa na wati 100 au 120 ingawa hazihitaji kufunguliwa sana. Valvu kubwa za mwishoni hazitakiwi kukwaruza hapa. Zinatakiwa zibaki safi na zenye akiba ya nguvu, ili pigo la besi lipite bila kubonyea. Kazi ileile ambayo mwaka 1966 ilifanywa na valvu kubwa, sasa wamepewa vijana wa mbele, na wakubwa wamekuwa wabebaji tu.

Kilichopotea

Ukikuza umeme wa gitaa mara nyingi hivyo, unakuza na kila kitu kilichoandamana nao: mvumo wa umeme wa ukutani, waya mbovu, hata simu. Unaijua ile "trrr-trrr-trrr" kwenye redio yako simu inapotaka kuita? Weka simu karibu na gitaa lililounganishwa na amplifaya ya geini ya juu, utaisikia mara nyingi zaidi. Ukiacha kupiga, gitaa linaanza kupiga yowe lenyewe. Ndiyo maana wapigaji wa muziki huu hutumia kifaa kama mlango, kinachofunga sauti pale nyuzi zinaponyamaza na kufungua zinapopigwa.

Cha pili kilichopotea ni mkono. Mkwaruzo ukiwa mwingi sana, pigo laini na pigo kali vinatoka sawasawa. Kwa anayetaka ukuta wa sauti ni vizuri. Kwa anayetaka gitaa liseme na kunong'ona, amefungwa mdomo.

Cha tatu kinatuhusu sisi moja kwa moja. Noti mbili zikikwaruzwa pamoja, huzaa noti ya tatu ambayo hakuna aliyeipiga, sawa na tofauti ya mitikisiko yao. Piga A yenye mitikisiko 110 kwa sekunde pamoja na E yenye karibu 165. Tofauti ni 55, ambayo ni A ileile, hatua moja ya oktavo chini. Inakaa vizuri, inanenepesha sauti. Lakini piga A hiyo na C kali yake, yenye karibu 138.6. Tofauti ni 28.6, ambayo si A wala si noti yoyote kamili. Inagombana na zote mbili. Ndiyo maana wapigaji wa roki nzito hushikilia noti mbili za aina ile ya kwanza na kuacha nyingine.

Sasa fikiria magitaa ya dansi letu au sebene ya Kongo: solo, rithim, wakati mwingine mi-solo katikati, noti mbilimbili zinazokwenda sambamba, kila gitaa likimpisha mwenzake. Uzuri wake uko kwenye kila noti kusikika. Ukiupitisha muziki huo kwenye geini ya juu, umechanganya maharage, mchele na mchanga. Sisemi geini ya juu haina mahali kwetu; Nairobi kuna bendi za roki na metali zinazoitumia ipasavyo. Ninasema kwamba bendi ya dansi au kwaya ikinunua 5150, itaishia kutumia upande wake safi tu, na kwa fedha hiyo ingepata amplifaya safi iliyo bora zaidi.

Na si lazima iwe ya valvu

Dimebag Darrell wa kundi la Pantera, ambaye sauti yake ni miongoni mwa nzito zilizowahi kurekodiwa, alijenga jina lake kwa amplifaya za transista za kampuni ya Randall. Roland JC-120, ya mwaka 1975, ni ya transista pia, na sifa yake ni usafi wa sauti. Kwa mazingira yetu transista ina faida ya wazi: haina chupa za kuvunjika kwenye barabara ya vumbi, na haidai valvu mpya. Siku hizi viwanda vya valvu vimebaki vichache, hasa Urusi, China na Slovakia, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 wapigaji duniani walikimbilia kununua akiba.

Kuna pia vifaa vinavyoiga amplifaya kwa kompyuta. Line 6 walileta POD mwaka 1998, kifaa kidogo cha umbo la maharage, na tangu hapo uigaji umekuwa mzuri kiasi kwamba bendi kubwa nyingi husafiri na kisanduku kimoja badala ya ukuta wa spika. Hata kwenye simu yako zipo programu za namna hiyo. Ukipata kifaa cha kuunganisha gitaa na simu, pamoja na visikilizi vya masikioni, unaweza kusikia tofauti ya Marshall ya zamani na 5150 bila kununua chochote. Kwenye simu nyingine sauti huchelewa kidogo baada ya kugusa uzi. Usikate tamaa na gitaa, ni simu.

Kabla hujatoa fedha

Tazama nyuma ya amplifaya imeandikwa volti ngapi. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani imeandikwa 120. Tanzania tunatumia 230. Ukiichomeka moja kwa moja, ukibahatika fiuzi itakatika. Usipobahatika transfoma itaungua, na transfoma ndiyo roho yake. Marshall nyingi za zamani zina mahali pa kuchagua volti. Nyingine hazina, na hapo utahitaji transfoma ya kushusha umeme inayobeba mzigo wake. Usipime mzigo kwa wati za spika. Amplifaya ya valvu ya wati 100 inaweza kula wati 300 au zaidi kutoka ukutani.

Wanaotumia sola wafanye hesabu hiyo mapema. Betri moja ya volti 12 na Ah 100 ina takriban wati-saa 1,200, na ya asidi haipendezi kuitumia zaidi ya nusu. Kwa mzigo wa wati 300 hufiki saa 2, na inveta nayo inakula sehemu yake. Inveta za bei ya chini huongeza pia mvumo, ambao kwenye geini ya juu utausikia kuliko gitaa.

Usiiwashe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa, hata kwa kujaribu taa tu. Na namba ya omu za spika ilingane na tundu unalochomeka: 4 kwa 4, 8 kwa 8, 16 kwa 16.

Hili la mwisho tulisisitize kwa sababu linaua. Ndani ya amplifaya ya valvu mna volti 400 na zaidi, na kapasita zake zinaweza kuzishika hata baada ya kuzima na kuchomoa waya. Fundi simu au fundi redio wa transista, hata akiwa hodari, asifungue kama hajafundishwa namna ya kuziondoa hizo volti. Waya wa ardhi usikatwe ili "kuondoa mvumo". Mpigaji anayeshika nyuzi za chuma huku mdomo ukigusa maiki anageuka kuwa njia ya umeme.

Ukifika kwa muuzaji, omba gitaa na ufanye jaribio hili dogo. Fungua mkwaruzo kiasi, piga noti moja, kisha punguza sauti kwenye gitaa lenyewe hadi nusu na upige tena. Ikisafika na kubaki na uhai, mkono wako unasikilizwa humo. Ikibaki vilevile ila ndogo, ni ya ukuta wa sauti. Kisha acha kupiga kabisa, weka mkono juu ya nyuzi, usikilize kelele zinazobaki kwa dakika nzima. Muuzaji akianza kuongea katikati ya dakika hiyo, mwombe anyamaze.